Jina Lako Limetoka Wapi, na Uliandikeje

Fomu ya benki, ya shule au ya pasipoti kwa kawaida ina visanduku vitatu vya majina, na cha mwisho kimeandikwa "jina la ukoo". Aliyebuni mpangilio huo alikuwa na Ulaya akilini: familia moja, jina moja, kutoka baba hadi mjukuu. Kwetu watu wengi hawana jina la namna hiyo, na wale walio nalo hawakulipata kwa njia moja. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja hujikuta na vitambulisho visivyolingana, na mirathi, mkopo au safari hukwama kwa sababu ya herufi moja. Kinga yake ni kujua jina lako ni la aina gani kabla hujaliandika popote.

Pwani na Zanzibar jina ni mlolongo. Unataja la kwako, la baba, kisha la babu. Rais Samia Suluhu Hassan ni Samia, binti wa Suluhu, na Suluhu ni mwana wa Hassan. Kizazi kinachofuata, mlolongo husogea hatua moja: mtoto wa Juma Ali Khamis ataitwa Salum Juma Ali, na Khamis atabaki kwenye kumbukumbu za wazee. Hapo kisanduku cha ukoo hujazwa jina la babu, na hakuna udanganyifu wowote katika kufanya hivyo. Zipo pia koo zenye asili ya Oman na nasaba inayotajwa wazi, kama Al-Busaidi, Al-Mazrui na Al-Barwani. Mtu wa koo hizo anaweza kuandikwa kwa nasaba akiwa Maskati, na kwa jina la babu akiwa Unguja. Familia iliyogawanyika hivyo na ihifadhi vyeti vya pande zote mbili, kwa maana siku ya kugawana urithi ndivyo vitakavyothibitisha udugu.

Bara mambo ni mengine. Mushi, Massawe, Kimaro, Lyimo na Swai ni koo za Uchagani, na maelfu ya watu hushiriki jina moja bila kujua walikokutania. Kwa Wanyakyusa, "Mwa-" ya mwanzo huonyesha uzao: Mwandosya, Mwakyembe, Mwakyusa. Usambaani utakutana na "She-", kama Shekilindi na Shelukindo. Kwa Wakalenjin "arap" ni mwana wa, kama katika Daniel arap Moi, na "wa" ya Wagikuyu hufanya kazi hiyohiyo katika jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Viungo hivi vidogo huangushwa ovyo na makarani. Usiviache viangushwe, kwa sababu vinabeba habari za nani alimzaa nani.

Majina ya Burundi na Rwanda huweza kuwachanganya maafisa wa uhamiaji. Huko, kwa desturi, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe la Kirundi au la Kinyarwanda, na mara nyingi jina hilo ni sentensi nzima. Ndayishimiye ni mtu anayemshukuru Mungu, Hakizimana anasema Mungu ndiye aponyaye, Nkurunziza ni habari njema. Baba anaweza kuwa Hakizimana, mwanawe Ndayizeye na binti yake Niyonkuru, na wote ni wa nyumba moja. Karani wa shule au wa kambi ya wakimbizi anayedai kwamba watoto hao hawawezi kuwa ndugu anakosea, na kosa lake linaweza kuitenganisha familia. Aangalie majina ya wazazi kwenye cheti cha kuzaliwa, asilinganishe majina ya mwisho.

Kongo nayo ina historia yake. Mwaka 1972, katika siasa zake za kurejea asili, Rais Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, na yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Raia wakajaza nafasi kwa jina la pili la kienyeji. Utawala wake ulipolegea, majina ya ubatizo yalirudi, lakini lile la pili likabaki. Kwa hiyo Mkongomani wa leo huandikwa jina, jina la nyongeza, kisha la ubatizo mwishoni. Anayesoma hati ya Bukavu au Goma kwa mazoea ya Dar es Salaam atadhani Jean-Pierre ndilo jina la ukoo.

Jina la ukoo lenyewe, ukilifuatilia, mara nyingi lilikuwa la mtu mmoja tu. Padri aliandika kwenye daftari la ubatizo, karani wa kodi akaandika, huko Kenya kipande, kile kitambulisho cha kikoloni, kikaandika, na jina la baba lililokuwa lipite likagandishwa. Mfano mzuri ni wa Mwalimu Julius Nyerere. Baba yake, chifu wa Wazanaki, aliitwa Nyerere kwa sababu alizaliwa wakati viwavi wamevamia nchi, na nyerere ndio viwavi hao. Mwana alizaliwa Butiama Aprili 1922, mvua ikinyesha, akapewa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Julius alilipata alipobatizwa mwaka 1943. Leo wajukuu wanaitwa Nyerere, na viwavi wa karne ya 19 wamekuwa ukoo.

Simulizi kama hiyo ipo nyuma ya majina mengi, na njia ya kuifikia ni kuuliza maswali sahihi. Usimuulize bibi "jina hili maana yake nini?" peke yake. Muulize nani alilichagua, alikuwa anamkumbuka nani, mwaka ule kulikuwa na nini, na mtoto aliyetangulia alikuwa hai au alikuwa amekufa. Kisha tafuta daftari la ubatizo, stakabadhi za kodi za zamani, vyeti vya shule vya babu, na unakili kila tahajia unayoikuta, hata inayoonekana kukosewa.

Majina ya kuzaliwa husimulia saa, hali ya hewa na mpangilio wa watoto. Mjaluo aliyezaliwa usiku ni Otieno, na akiwa wa kike ni Atieno. Ochieng na Achieng ni wa jua la mchana, Odhiambo wa jioni, Okoth wa mvua. Kwa Wakalenjin, Kibet ni wa mchana, Kiprop wa mvua, na jina la mwanariadha Eliud Kipchoge linataja ghala la nafaka. Msukuma Mabula ni wa mvua pia. Lakini tahadhari: Wajaluo huwarithisha watoto majina ya marehemu, kwa hiyo Otieno wa leo huenda alizaliwa saa sita mchana. Wagikuyu nao humpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba na wa pili la babu mzaa mama, na mabinti hufuata nyanya zao vivyo hivyo. Matokeo yake, binamu wanne wanaweza wote kuwa Kamau. Familia ya namna hiyo iongeze jina la tatu mapema, maana hospitali na benki hazitawatofautisha kwa sura.

Mapacha wana majina yao karibu kila mahali. Usukumani ni Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija. Majina hayo sasa yamesambaa Tanzania nzima hata kwa wasiojua Kisukuma. Wajaluo wana Opiyo na Odongo, kisha Okello. Waganda wana Wasswa na Kato kwa wavulana, Babirye na Nakato kwa wasichana, na wazazi wenyewe hupata heshima ya Ssalongo na Nnalongo. Wanande wa Kivu Kaskazini hawaishii kwa mapacha, huhesabu wana wa kiume wote: Kambale ni wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne, Katembo wa tano, Mbusa wa sita. Kwa Waswahili ni Pili na Tatu, na Chausiku aliyezaliwa usiku.

Majina yanayostahili uangalifu zaidi ni ya machungu: Shida, Tabu, Mashaka, Matatizo. Mengi yalitolewa baada ya misiba, njaa au ugomvi wa ukweni, na mengine kwa imani kwamba kifo hakimtamani mtoto mwenye jina baya. Mzazi wa leo anayefikiria kumpa mtoto jina la aina hii, nashauri amkumbuke aliyekufa kwa jina lake hasa, na kumwachia huyu aliye hai jina lisilomdai maelezo kila anapoitwa darasani. Lakini aliye nalo tayari asilionee haya wala asilibadili kwa kuchekwa. Mwalimu anayemcheka Tabu mbele ya wenzake anacheka msiba wa watu.

Dini nazo zimepita kwenye ulimi wetu. Abubakar akawa Bakari, Uthman akawa Athumani, Aisha akawa Asha. Familia za Kilutheri za Kilimanjaro na Upareni zilichukua "Eli", yaani Mungu wangu kwa Kiebrania, zikaiunga na Kiswahili: Elifuraha, Elirehema, Eliamani. Hayo ni majina ya hapa, yaliyobuniwa na watu wa hapa, na sioni sababu ya mtu kuyafupisha kuwa Eli kwa kudhani ni ya kizamani.

Sasa kalamu. Tanzania Bara kizazi husajiliwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na muda wa kawaida ni siku 90 tangu mtoto azaliwe; Zanzibar kazi hiyo ni ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Kabla ya kwenda, kaeni wazazi mkubaliane tahajia na kuiandika kwenye karatasi. Hamisi au Khamis, Mohamed au Muhammad, Selemani au Suleiman: zote ni sahihi, ila chagueni moja na mshikamane nayo katika kadi ya kliniki, shule, mtihani wa darasa la saba na kitambulisho cha taifa. Mpe karani karatasi hiyo, asiandike kwa kusikia. Soma cheti ukiwa bado dirishani.

Vyeti vikishatofautiana, tenganisha kesi mbili. Kama ni tahajia tu, au jina limeachwa, hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina haya yote ni ya mtu mmoja hutosha kwa ofisi nyingi. Kama unataka jina jipya kabisa, unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Anza na cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa nyaraka nyingine hukifuata. Mwanamke anayeolewa halazimiki kubadili jina. Akiamua kulibadili, abadilishe nyaraka zote kwa pamoja na aambatishe cheti cha ndoa. Na kwa anayesafiri, tiketi ikatwe kwa majina yaliyo kwenye pasipoti, kwa mpangilio uleule, hata kama nyumbani hakuna anayekuita hivyo.