Nyimbo Elfu Moja Mfukoni: Chombo Hutambuaje Kila Wimbo?

Chombo cha mfukoni cha kuchezea muziki hakihifadhi sauti yenyewe, bali tarakimu. Katika diski ya CD, sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kikiandikwa kwa biti 16, kwa njia mbili za stereo. Basi sekunde moja huhitaji biti 1,411,200. Mbinu ya MP3 huacha yale ambayo sikio halitayatambua, ikabakiza, tuseme, biti 160,000. Wimbo wa dakika 4 hupungua kutoka baiti milioni 42 hivi hadi milioni 4.8. Ndiyo maana iPod ya kwanza ya kampuni ya Apple, iliyotolewa mwaka 2001 ikiwa na diski ya baiti bilioni 5, ilibeba nyimbo 1,000.

Lakini wimbo mmoja utapatikanaje kati ya elfu?

Njia ya kwanza ni ya iPod hiyo. Programu ya iTunes, ndani ya kompyuta, ilitayarisha orodha ya nyimbo na kuyatawanya mafaili katika mafolda yaliyofichwa. Chombo kilisoma orodha tu, hivyo kilitafuta upesi. Orodha ikiharibika, nyimbo zilikuwamo lakini chombo hakikuziona. Mithili ya maktaba iliyojaa vitabu, ambayo katalogi yake imeteketea.

Njia ya pili hukifanya chombo kuwa diski ya kawaida. Mtumiaji hunakili mafaili kwa kompyuta yoyote, nacho huyaonyesha kama yalivyopangwa. Hapa utaratibu hutegemea bidii ya mtumiaji; na ili kutafuta kwa jina la mwimbaji, chombo hulazimika kwanza kufungua kila faili na kusoma maelezo yaliyomo.

Njia ya tatu ni Rockbox, programu huria iliyoanzishwa na Waswidi mwaka 2001 kwa vyombo vya Archos. Hushika nafasi ya programu ya kiwandani, hufuata mafolda, na ikitakiwa hujitengenezea orodha yake humo humo chomboni.

Utengenezaji wa iPod ulikoma mwaka 2022, lakini funzo limebaki: data ni kitu kimoja, na orodha yake ni kitu kingine. Mwalimu anayerekodi nyimbo za wazee wa kijiji chake na ayape mafaili majina kamili, ili orodha ikipotea, urithi usipotee nayo.

Zoezi: Kwa biti 128,000 kwa sekunde, diski ile ingebeba nyimbo ngapi za dakika 4? (Jibu: takriban 1,300.)