Gollum Wako ni Nani? Somo Kutoka Vitabuni, Kwenye Filamu na Kwenye Gemu



Vijana wenzangu, somo la leo limezaliwa na ubishi. Jumapili iliyopita baada ya Misa ya pili tulibaki nje ya ukumbi wa parokia, vijana kama kumi hivi, tunabishana: kati ya vitabu, filamu na gemu zote tunazozijua, hadithi ipi ina kina kuliko zote? Kila mtu akataja yake. Na karibu kila aliyetaja alitoa sababu ileile, kwamba mwisho wake huwezi kuubashiri hata kidogo.

Mimi nikakataa. Nikasema hadithi ya kukushtua mwishoni ni ujanja tu. Ukishaijua siri yake, basi, mara ya pili unaangalia huku unachati. Wakaniuliza: "Haya mwalimu, kina ni nini?" Wakacheka. Sikuwa na jibu la kueleweka, nikaondoka na aibu yangu. Nimelifikiria wiki nzima. Jibu langu ni hili, na mkilikataa tukutane palepale nje ya ukumbi.

Naona hadithi yenye kina ni ile inayokuletea mtu usiyemtaka, halafu inakataa kumwondoa. Unatamani afe, afungwe, apotelee mbali. Mwandishi anamrudisha. Unamchoka, anarudi tena. Mpaka inafika mahali unaacha kujiuliza habari zake, unaanza kujiuliza habari zako.

Tuanze na Gollum. Wengi tunaijua The Lord of the Rings kwa filamu tatu za Peter Jackson, za 2001 hadi 2003. Wengine tuliziona kibanda umiza, sauti ya DJ ikiwa juu kuliko ya waigizaji. Kabla ya filamu kulikuwa na kitabu, kilichotoka kwa sehemu tatu mwaka 1954 na 1955. Mwandishi wake, J.R.R. Tolkien, alikuwa Mkatoliki. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, mama yake akafariki mwaka 1904, na aliyeachiwa jukumu la kumlea yeye na mdogo wake alikuwa padre, Francis Morgan wa Birmingham. Kwa hiyo tunasoma kitabu cha yatima aliyekuzwa kwa huruma ya mtu ambaye hakuwa hata ndugu yake.

Gollum mnamkumbuka: kiumbe mkondefu, macho makubwa, aliyekaa na ile Pete miaka mingi mno mpaka ikamla utu wake. Aliua ili aipate. Katika The Hobbit, kitabu kilichotangulia, Bilbo anapata nafasi ya kummaliza gizani, anamwonea huruma, anaruka juu yake na kwenda zake. Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi nilichelewa kulijua. Toleo la kwanza la The Hobbit, la mwaka 1937, halikuwa na huruma hiyo. Gollum wa mwanzo alikuwa kituko tu, wakaagana vizuri, hadithi ikaendelea. Tolkien alirudi akaiandika upya sura ile, na toleo lililorekebishwa likatoka 1951. Alipofika mbali na hadithi yake kubwa, aliona kwamba haiwezi kusimama bila mtu mmoja kumwachia mwingine uhai wake pasipo sababu ya kueleweka.

Na ndivyo ilivyo. Frodo, shujaa wetu, anaibeba Pete mpaka ukingoni mwa moto, na pale pale anashindwa. Hili watu wanalisahau! Anakataa kuitupa, anaivaa, anasema ni yake. Mtu mwema kuliko wote katika safari ile anaanguka hatua ya mwisho. Kinachookoa dunia ni Gollum, aliyekuwa hai kwa sababu tu alihurumiwa: anamng'ata Frodo kidole chenye Pete, anashangilia, anateleza, anatumbukia nayo. (Kwenye filamu wamewafanya wapigane na kuporomoka. Mimi nasimama na kitabu.) Tolkien mwenyewe, katika barua zake, aliieleza sehemu hii kwa kuihusisha na Baba Yetu, pale tunapoomba habari ya msamaha na ya vishawishi. Na tarehe aliyoiweka Pete kuangamia ni 25 Machi, siku ambayo Kanisa huadhimisha Kupashwa Habari ya Kuzaliwa Bwana. Hakuihubiri. Aliiacha kwenye kalenda ya hadithi, mwenye macho aione.

Les Misérables ya Victor Hugo, ya mwaka 1862, nitaipitia haraka kwa kuwa wengi mmeona filamu ya muziki ya 2012. Jean Valjean amekaa gerezani miaka 19, mitano kwa kuiba mkate na 14 kwa kujaribu kutoroka. Askofu Myriel anamlaza nyumbani kwake, naye usiku anaondoka na vyombo vya fedha. Polisi wanamrudisha, askofu anasema nilimpa mwenyewe, tena amesahau vinara. Hapo kila mtu anafuta machozi. Lakini kitabuni kuna tukio ambalo filamu ile imeliruka: muda si mrefu baada ya kusamehewa, Valjean akiwa njiani anamnyang'anya mtoto maskini sarafu yake. Ndiyo, baada ya vinara! Huruma ilikuwa imeshaingia, ila mkono ulikuwa bado una mazoea ya zamani. Mtoto anakimbia akilia, Valjean anaiona sarafu chini ya kiatu chake, na hapo ndipo anapovunjika. Hadithi nyepesi ingemgeuza palepale mlangoni kwa askofu. Hugo aliwajua watu vizuri zaidi.

Tuje kwenye gemu, maana najua kuna wazee wa parokia wanaodhani gemu zote ni kupiga risasi na kupoteza bando. Red Dead Redemption 2 ilitoka 2018. Ina risasi, tena nyingi, na lugha chafu, na imewekewa alama ya watu wazima. Wadogo zangu wa kipaimara, hii si yenu bado, msiseme mmeambiwa hapa.

Ni mwaka 1899, Marekani. Unamchezesha Arthur Morgan, jambazi katika genge linalokaribia mwisho wake. Genge linakopesha watu kwa riba, na Arthur ndiye mkusanyaji. Anatumwa kwa mkulima mgonjwa, Thomas Downes. Gemu haikupi njia ya kumwacha. Ukitaka kuendelea, lazima ubonyeze, ngumi zitoke, na anayebonyeza ni wewe uliyeshika pedi. Kitabu kinaweza kukuonyesha dhambi ya mtu mwingine, filamu pia. Gemu inakupa mikono. Downes anamkoholea Arthur damu usoni, na unaendelea na shughuli zako: unawinda, unavua samaki, unapanda treni. Saa nyingi baadaye, pengine wiki kadhaa za kucheza kwako, Arthur anaanguka barabarani, daktari anampima. Kifua kikuu. Unakumbuka kile kikohozi.

Kuanzia hapo hadithi inamwuliza mtu anayejua anakufa: utafanya nini na siku zilizobaki? Ukiwa umemwongoza vizuri, anakutana na Sista Calderón kituo cha treni, na lile jitu lililopiga watu nchi nzima linakiri kwamba linaogopa. Sista hamhubirii. Anamwambia abahatishe kuamini kwamba upendo upo, kisha atende tendo moja la upendo. Ila sehemu iliyonishika mimi ni nyingine. Unaweza kukutana tena na mjane wa Downes, ambaye umaskini umemsukuma kujiuza. Arthur anamsaidia, anampa pesa aondoke na mwanawe. Sehemu hizo waliozitengeneza wameziita kwa jina ambalo maana yake ni "usitafute maondoleo". Hakuna kukumbatiana, hakuna muziki wa kulegeza moyo. Anasaidiwa, mzigo unabaki. Sisi tuliofundishwa kwamba toba ina malipizi tunapaswa kuielewa hii haraka kuliko wengine. Ukiungama umeiba kuku, umesamehewa, lakini kuku bado ni wa watu.

Nimeiacha mwisho ile ninayoiogopa. Silence ni riwaya ya Shusaku Endo, Mkatoliki wa Japani, ya mwaka 1966; Martin Scorsese aliitengenezea filamu iliyotoka 2016. Karne ya 17, Wakristo wa Japani wanateswa. Mapadre wawili Wajesuiti kutoka Ureno, Rodrigues na Garrpe, wanaingia kwa siri kumtafuta mwalimu wao Ferreira, ambaye inasemekana ameikana imani. Ferreira huyu alikuwepo kweli katika historia, na kweli aliikana, mwaka 1633. Njia ya kuikana ilikuwa rahisi: unawekewa chini sanamu ya Kristo au ya Mama Maria, unaikanyaga. Mguu mmoja tu, uende nyumbani.

Anayewaongoza ni Kichijiro. Mlevi, mchafu, mwoga. Ndugu zake walikataa kukanyaga wakauawa, yeye akakanyaga akapona. Anatubu, anakanyaga tena. Anamwuza Rodrigues kwa vipande vya fedha, kisha anamfuata mpaka gerezani kwenye mvua akilia aungamishwe. Anaungama, anaanguka, anarudi. Mara ya kwanza unamhurumia. Mara ya tatu unakereka. Mara ya nne, nawaambia ukweli, nilisema kwa sauti nikiwa peke yangu chumbani, "Mfukuzeni huyu!"

Ana malalamiko yake, na hayajanitoka kichwani. Anasema kuna watu wamezaliwa wadhaifu. Kama angezaliwa nyakati za amani angeishi na kufa Mkristo mzuri tu, hakuna ambaye angejua. Hapo nilisimamisha filamu. Kila tarehe 3 Juni tunawaimbia Mashahidi wa Uganda, Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa Namugongo mwaka 1886, na tunafanya vizuri, maana ni vijana wenzetu. Lakini mimi nimezaliwa nyakati za Kichijiro anazozitamani. Hakuna aliyewahi kuniwekea sanamu chini. Nikijilinganisha na Karoli Lwanga najipendelea tu, sijui mguu wangu ungefanya nini.

Kuhusu alichofanya Rodrigues mwishoni, Wakatoliki wamebishana tangu kitabu kilipotoka, na sitawamalizia ubishi huo hapa. Someni. Nitasema tu kwamba baada ya yote, padre akiwa ameshavunjika, nani anakuja tena kumwomba amwungamishe? Yuleyule. Na safari hii padre hana tena pa kusimama juu yake.

Mnaona sasa kwa nini nawabishia. Bwana wetu naye alitunga hadithi. Baba mwenye wana wawili, Luka 15, tunaisikia kila mara mpaka tumeizoea. Hebu isomeni mwisho wake polepole. Mdogo yuko ndani, ndama amechinjwa. Kaka mkubwa yuko nje amekasirika, baba ametoka anambembeleza. Basi. Hatuambiwi kama aliingia.

Mimi nina mtoto wa mama mdogo, nimemzidi miaka sita. Mwaka juzi alipigia simu akasema amelazwa, nikatuma hela; hakuwa amelazwa. Mara ya pili ilikuwa ada ya chuo, ikaishia kwenye mikeka ya mpira. Mara ya tatu alikuja nyumbani kabisa, akamlilia mama, akaomba msamaha, tukasali rozari pamoja sebuleni. Alfajiri akaondoka na simu ya mama. Tangu siku hiyo sijamjibu, na nilikuwa na amani na uamuzi wangu. Nilishauri hata wengine.

Alhamisi, nikiwa katikati ya kuandika somo hili, uliingia ujumbe kwa namba mpya: "Shikamoo kaka. Nipo." Hajaomba hela. Hajasema yuko wapi.

Sidai kwamba nimtumie pesa; Bilbo alimwachia Gollum uhai, hakumpa Pete. Mama anasema nimjibu lakini nifunge mlango wa chumba. Baba anasema nisimjibu. Nimeandika "marahaba" mara mbili nikafuta.

Jumapili baada ya Misa ya pili, njooni kila mmoja na hadithi yake anayoiona ina kina, mtuonyeshe ndani yake yuko wapi mtu yule asiyetakiwa. Kama hayumo, mtanieleza kwa nini hadithi ni nzuri hata hivyo, nitasikiliza. Mimi nitakuwa nimeshaujibu ule ujumbe. Kama sijaujibu, niulizeni mbele ya wote.