Mzizi mtamu na presha yako

SWALI: Daktari, nina miaka 61 na nina presha. Nameza amlodipini pamoja na kile kidonge cha kupunguza maji. Usiku misuli ya miguu hunibana mpaka naamka nalia. Kijana wangu anayefanya kazi Osaka ameniletea vipakiti vya dawa ya unga ya mitishamba ya Kijapani, na kila kimoja kimeandikwa 68. Anasema ni mizizi tu, haina kemikali, na kwamba hata hospitali za huko wanaitoa. Mitishamba hii hufanyaje kazi mwilini? Naweza kuinywa pamoja na dawa zangu? – Mama, Tanga.

JIBU: Pole sana, mama yangu. Kubanwa na misuli ya shavu la mguu usiku wa manane ni mateso, na aliyekutafutia dawa ameonyesha mapenzi. Kijana wako hajakosea kuhusu hospitali. Dawa hizo huitwa kampo, jina linalomaanisha njia ya Wahan, yaani Wachina. Wajapani waliipokea tiba hiyo kutoka China zamani sana, wakaichuja na kuipanga kwa namna yao. Leo michanganyiko 148 inalipiwa na bima ya afya ya taifa la Japani, na anayeiandika ni daktari yuleyule anayeandika antibiotiki. Nambari 68 ni Shakuyaku-kanzo-to. Ndani yake mna vitu viwili tu, mzizi wa ua liitwalo peoni na mzizi mtamu wa likorisi, ule ambao Waarabu huuita irki sus. Kipimo cha siku nzima hutokana na gramu 6 za kila mmoja, iliyochemshwa, ikakaushwa, ikawa punjepunje. Nchini Japani hutolewa kwa ajili ya tatizo hilohilo la kubanwa na misuli. Alipokosea kijana ni kwenye neno moja, kwamba haina kemikali, na kosa hilo ndilo linaloweza kukuponza.

Mzizi unapochemshwa, kinachoingia kwenye maji ni kemikali. Hakuna kingine cha kuingia. Mmea hutengeneza mamia ya kemikali kwa shughuli zake wenyewe, kama kufukuza wadudu au kupambana na ukungu, na baadhi yake hutokea kufanana na zile ambazo mishipa ya fahamu, moyo na figo zetu hutumia kupashana habari. Wajapani walilithibitisha hili mapema. Mwaka 1885 mwanakemia Nagai Nagayoshi alichukua mmea uitwao mao, unaotumika katika kampo za mafua na pumu, akatenga ndani yake kitu kilichokuja kuitwa efedrini. Kitu hicho hutanua njia za hewa, lakini pia huharakisha moyo na kupandisha presha. Ni ndugu wa karibu, kikemia, wa kile kinachowafanya watafuna mirungi wakeshe macho makavu. Kabla yake, mwaka 1804, daktari Hanaoka Seishu alimpasua mgonjwa wa saratani ya titi akiwa amemlaza kwa dawa ya kunywa iliyotengenezwa kwa mitishamba, na kiungo chake kikuu kilikuwa mmea wa jamii ya mnanaha. Watu wa kwetu wanajua mnanaha unavyoweza kumtoa mtu akili. Inasimuliwa kwamba mke wa Hanaoka, aliyejitolea kuijaribu dawa hiyo, alipofuka. Mmea wenye nguvu ya kumlaza mtu asisikie kisu hauwezi kuwa kitu cha kuchezea.

Sasa tuufuate mzizi wako mtamu hatua kwa hatua, maana safari yake tumboni inastaajabisha. Kitu kikuu kilichomo kwenye likorisi huitwa glisirizini. Ni molekuli kubwa iliyobeba mgongoni vipande viwili vya jamii ya sukari, na kwa ukubwa huo haipenyi ukuta wa utumbo isipokuwa kidogo sana. Inapita tumboni na utumbo mwembamba karibu kama ilivyomezwa. Ikifika utumbo mpana inakutana na bakteria wanaoishi humo kwa matrilioni. Bakteria hao wanaitaka sukari. Wanaikata na kuila, na kinachobaki ni molekuli ndogo zaidi inayopenya hadi kwenye damu. Kwa maneno mengine, dawa uliyomeza bado haijakamilika, na fundi anayeimalizia yuko ndani yako. Ndivyo ilivyo pia kwa sana-makki, ambayo akina mama wengi wa pwani wanaijua kwa kusafisha tumbo, na kwa mzizi wa rubabu ambao kampo huutumia kwa kazi hiyohiyo. Watafiti wa Japani waliwapa panya waliokuzwa bila bakteria wowote tumboni kemikali ya mimea hiyo, na panya hawakuharisha. Walipowapandikizia aina moja tu ya bakteria anayeweza kuikata kemikali hiyo, waliharisha. Hii ndiyo sababu pakiti ileile inaweza kumfaa jirani yako, isikufae wewe, au ikakuzidi nguvu. Hamna bakteria wale wale, na ukitumia antibiotiki wiki hii, wiki ijayo utakuwa na wengine.

Kwenye msuli, mchanganyiko huu una kazi ya kweli. Majaribio ya wanyama yameonyesha kuwa kemikali ya peoni na ile ya likorisi zikiwekwa pamoja hupunguza amri ya kukaza inayotoka kwenye neva kwenda kwenye msuli, na zikiwa pamoja hufanya hivyo vizuri kuliko kila moja peke yake. Kwa binadamu nako, wagonjwa wa ini wanaobanwa na misuli walipogawanywa, wengine wakapewa dawa halisi na wengine dawa bandia yenye sura ileile, waliopata halisi ndio waliopata nafuu zaidi. Kwa hiyo sisemi kuwa kijana wako amekuletea maji matupu. Laiti ingekuwa maji matupu, nisingekuwa na wasiwasi nawe.

Wasiwasi wangu uko kwenye figo. Mwilini kuna homoni iitwayo aldosteroni, ambayo kazi yake ni kuiambia figo ishike chumvi na iachie potasiamu. Kuna homoni nyingine, kotisoli, ambayo ni nyingi mno kwenye damu kuliko aldosteroni na inaweza kuufungua mlango uleule. Ili isifanye hivyo, kwenye figo kuna kimeng'enya kinachosimama kama bawabu: kila kotisoli inayokaribia hubadilishwa sura isiweze kuingia. Ile molekuli ndogo ya likorisi iliyotengenezwa na bakteria wako humlewesha bawabu huyu. Kotisoli inaingia kwa wingi, figo inashika chumvi na maji, presha inapanda, miguu inavimba, na potasiamu inamwagika kwenye mkojo. Na potasiamu ikishuka, misuli huwa dhaifu, huuma na kubana. Ikishuka zaidi, moyo hupoteza mapigo yake ya kawaida. Umeona mzunguko ulivyo, mama? Unakunywa dawa ya kubanwa na misuli, inakupa nafuu kwa siku chache, kisha inaleta kubanwa kwingine, na unadhani kipimo hakijatosha unaongeza pakiti. Juu ya hayo, vidonge vingi vya kupunguza maji navyo hutoa potasiamu. Ni mikono miwili inayochota kwenye mtungi mmoja.

Najua kuna watakaonijibu kwamba watu wa Mashariki wametumia mizizi hii kwa karne na karne, na kama ingekuwa na madhara wangeshaiacha. Hoja hiyo ina uzito wake, na siidharau. Matumizi ya muda mrefu yanafichua sumu ya haraka, kwa sababu mtu akinywa asubuhi na kufa jioni, kijiji kizima kitajua. Lakini hayafichui madhara yanayokuja polepole au yanayompata mmoja kati ya maelfu, na hayasemi lolote kuhusu mzizi unaochanganywa na amlodipini, kwa kuwa mabibi wa kale hawakuwa na amlodipini. Japani yenyewe ilijifunza hili kwa uchungu. Kampo iitwayo Sho-saiko-to ilikuwa ikitolewa kwa wingi kwa wagonjwa wa homa ya ini. Mwaka 1996 Wizara ya Afya ya nchi hiyo ilitoa tahadhari ya dharura baada ya wagonjwa 88 kupata uvimbe wa mapafu usiotokana na vijidudu, na 10 kati yao wakafariki. Hatari ilikuwa imeonekana zaidi ilipochanganywa na dawa nyingine ya ini, intaferoni. Mchanganyiko ule ulikuwa na historia ya karne nyingi nyuma yake.

Wengine watasema mimea ndani ya mchanganyiko hutulizana, mmoja ukipunguza ukali wa mwenzake. Kuna mahali mimea husaidiana kweli, kama tulivyoona kwenye msuli. Lakini likorisi imo katika karibu saba kati ya kila kampo kumi, mara nyingi kwa ajili ya hiyohiyo sifa ya kutuliza wenzake, na mtu anayekunywa kampo mbili au tatu kwa mpigo hujikuta ameurundika mzizi huo bila kujua. Madaktari wa Japani wanalijua hilo, ndiyo maana wanayempa dawa hii kwa muda hupimwa presha na potasiamu, na mwenye potasiamu ya chini hapewi kabisa. Kijana wako aliona dawa ikitoka dirishani hospitalini. Vipimo vinavyoandamana nayo hakuviona.

Kwa hiyo, mama, usiianze. Kama umeshaianza, isimamishe leo, lakini dawa za presha usiache hata moja. Ukiona vifundo vya miguu vimevimba, uzito umepanda ghafla, mikono au miguu imeishiwa nguvu, au moyo unaruka mapigo, usisubiri siku ya kliniki, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usipoona hata kimoja, bado nenda wiki hii uombe kipimo cha damu cha potasiamu na cha figo, na mweleze daktari kuhusu miguu. Huenda kidonge cha kupunguza maji ndicho kinachokubana usiku, na kama ni hivyo anaweza kukubadilishia. Vipakiti usivitupe. Beba kimoja kwenye mkoba pamoja na dawa zako zote, umwonyeshe ile namba 68 na umwambie kuna gramu 6 za likorisi kwa kipimo cha siku, kwa sababu maandishi mengine yote yaliyopo juu yake ni ya Kijapani.