Ripota Anayetunga Hadithi: Barua Zilizosomwa Owino

Kila muhula Mwalimu huwapeleka wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza sokoni Owino, Kampala, na daftari mkononi. Simu hubaki mfukoni. Safari hii alibeba na bahasha ya barua, za watu wanaotaka kusomea uandishi wa habari na uandishi wa kubuni kwa pamoja chuo kikuu. Alizisoma kwenye benchi la muuza chai, wanafunzi wakipotelea katikati ya malundo ya nguo. Zilizouliza riwaya ni nini na gazeti ni nini zilirudi ndani ya bahasha. Zilizomkera au kumtia wasiwasi ndizo zilizopata majibu.

"Masomo ya kutunga hadithi hayataniharibu nikawa ripota mwongo?"

Barua sita zimeuliza hivi, moja ikitoka kwa baba mzazi aliyepigia mstari neno "mwongo" mara mbili. Zinajibiwa pamoja, na kwa kirefu, maana hakuna dhana inayomchosha Mwalimu kama hii.

Wanaouliza wanadhani ubunifu ni jina la adabu la uongo: kwamba anayejifunza kutunga anajifunza kutia chumvi, na chumvi hiyo itamwagikia kwenye habari. Mfano unaotajwa sana ni wa Janet Cooke. Mnamo Septemba 1980 gazeti la Washington Post lilichapisha taarifa yake kuhusu mtoto wa miaka 8 aliyekuwa akidungwa heroini. Mwaka uliofuata taarifa hiyo ikapata tuzo ya Pulitzer, na siku chache baadaye tuzo ikarudishwa, kwa kuwa mtoto huyo hakuwahi kuwepo. Watu husimulia kisa hiki wakiishia hapo. Husahau kilichomfichua: wasifu wake. Alikuwa amedai digrii ya Chuo cha Vassar ambayo hakuwa nayo, na wahariri walipoanza kuukagua wasifu, na mtoto naye akayeyuka. Cooke hakuharibiwa na darasa la fasihi. Alidanganya kwenye maombi ya kazi kabla hajadanganya gazetini, na wahariri wake hawakusisitiza kumwona mtoto.

Mwalimu hupenda kuweka kando ya kisa hicho kingine cha mwaka 1955, nchini Kolombia. Baharia Luis Alejandro Velasco alianguka kutoka kwenye meli ya kivita na kuelea siku 10 bila chakula. Gazeti la El Espectador lilimkabidhi kwa ripota kijana aliyekuwa tayari akitunga hadithi, Gabriel García Márquez. Wawili hao walikaa vikao 20 vya saa sita kila kimoja. Ripota alimtegea baharia maswali ya mtego ili aone kama atajipinga. Kisha akaandika simulizi ya sehemu 14 kwa nafsi ya baharia mwenyewe, yenye mvuto wa riwaya. Na ndani ya mvuto huo mkakaa habari nzito: hapakuwa na dhoruba yoyote, tofauti na ilivyodaiwa. Meli ilikuwa imepakia bidhaa za magendo sitahani, na mzigo huo ndio ulioponza watu. Serikali ya kijeshi haikufurahi. Hapo ubunifu uliongeza nini? Mpangilio, sauti, uamuzi wa nini kitangulie na nini kisubiri. Haukuongeza hata wimbi moja.

Owino penyewe pana zoezi linaloonyesha mpaka huu vizuri. Jina rasmi la soko ni St. Balikuddembe. Joseph Mukasa Balikuddembe, mmoja wa Mashahidi wa Uganda, aliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga tarehe 15 Novemba 1885, hapahapa upande wa Nakivubo. Hilo limeandikwa. Sasa muulize mtu jina Owino limetoka wapi. Utasimuliwa juu ya mzee mmoja Mjaluo aliyekuwa na shughuli zake hapa kabla soko halijafunguliwa mwaka 1971, na ukiuliza vibanda vitatu, huenda ukapata shughuli tatu. Mwanafunzi anatakiwa kuliandika jambo hilo mara mbili. Kwenye habari ataandika "wauzaji husimulia", aseme ni wauzaji gani na wameuza hapo tangu lini. Kwenye hadithi yuko huru: ampe mzee kikohozi, deni, na mke asiyemsemesha. Kosa ni la yule anayempa mzee kikohozi kwenye ukurasa wa habari, na huyo hutambulika upesi zaidi akiwa ameandika zote mbili, kwa sababu kalamu yake mwenyewe imeshajua wapi ilivuka.

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wa barua hizi hawalifikirii. Darasa la ubunifu humzidishia ripota kazi ya mguu. Aliyezoea habari kavu ataandika kwamba muuzaji "alikuwa na huzuni" baada ya moto wa Februari 2009 kuteketeza sehemu kubwa ya soko, aende zake. Aliyefundwa kutunga anajua kwamba "huzuni" haionekani. Anahitaji mkono uliokuwa ukichakura majivu, funguo za kufuli lisilokuwa na mlango tena. Na kwa kuwa anaandika habari, hawezi kuviokota vitu hivyo kichwani. Lazima awe amesimama pale, au ameuliza mpaka muuzaji akachoka naye.

Baba wa wino mzito apelekewe nakala ya jibu hili.

"Mama yangu anauza suruali za mitumba hapohapo Owino na ndiye anayenilipia ada. Anasema hadithi hazilishi mtu. Nimjibu nini?"

Asimjibu, kwa sababu mama ana haki. Mama anajua belo linapofunguliwa nguo nzuri huchaguliwa kwanza kwa bei ya juu, na zinazobaki hutupwa kwenye lundo la bei ya chini. Anajua pia kwamba belo likiwa baya hakuna wa kumrudishia fedha. Mtu aliyelipa ada kwa hesabu hiyo hapaswi kuhubiriwa juu ya kipaji.

Anachoweza kufanya mwanawe ni kumwonyesha jinsi watunzi wa Afrika Mashariki walivyokula. Mohammed Said Abdulla wa Zanzibar, baba wa hadithi ya upelelezi ya Kiswahili, alikuwa mhariri wa magazeti. Mpelelezi wake, Bwana Msa, alizaliwa katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, mswada ulioshinda shindano la East African Literature Bureau na kuchapishwa kitabu mwaka 1960. Ben Mtobwa wa Tanzania alikuwa mwandishi wa habari kabla ya kuwa mchapishaji. Wahome Mutahi wa Kenya alichekesha taifa kwa safu yake ya Whispers, na alipotiwa kizuizini na kuteswa mwaka 1986, yaliyompata yakaingia katika riwaya yake ya *Three Days on the Cross*. Naye Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa bado mwanafunzi Makerere, alikuwa akiandikia magazeti ya Nation ya Nairobi, na Novemba 1962 tamthilia yake *The Black Hermit* ikaonyeshwa katika Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza, Kampala. Gazeti liliwapa mshahara na watu wa kuandika habari zao. Vitabu vilikuja juu ya hapo.

Mama akiuliza mshahara wa gazeti ni kiasi gani, mwana aseme ukweli: ni mdogo, na wengi huanza kwa kulipwa kwa kila habari inayochapishwa.

"Je, Makerere kuna digrii moja yenye yote mawili?"

Swali hili limekuja mara nne na ndilo lenye faida kuliko yote. Mwenye kutaka digrii yenye majina hayo mawili kwenye cheti huiona katika baadhi ya vyuo vya Uingereza. Makerere ilianza kufundisha uandishi wa habari kwa kiwango cha digrii mwaka 1988. Leo idara ya uandishi wa habari na mawasiliano na idara ya fasihi ziko chini ya skuli moja, ile ya lugha, fasihi na mawasiliano. Jirani wa mlango kwa mlango! Hata hivyo kuna wanafunzi wa habari wanaomaliza miaka yao yote bila kugonga mlango wa fasihi, na wa fasihi wasioijua hata njia ya chumba cha habari. Hilo Mwalimu analiita uzembe, na hachagui neno jingine.

Ushauri wake kwa wa Uganda una sababu ya kisheria. Sheria ya Vyombo vya Habari na Waandishi wa Habari ya mwaka 1995 inataka mwandishi wa habari kamili awe na digrii ya taaluma hiyo, au digrii nyingine iliyoongezewa sifa ya uandishi wa habari. Utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua, lakini sheria iliyolala huamshwa siku ripota anapomuudhi mkubwa. Anayeanza na fasihi ajue kwamba ana ngazi moja zaidi ya kupanda. Anayeanza na habari akaombe kuhudhuria mihadhara ya fasihi, hata bila alama.

"Nisubiri msukumo kwanza?"

Kurasa zinafungwa jioni.

"Nikiandika ya waziri fulani nikayaita hadithi, si nitakuwa salama?"

Hapana. Mwalimu alirudia neno hilo mara mbili, akaomba chai nyingine.

Mwaka 2020 mwandishi Mganda Kakwenza Rukirabashaija alichapisha riwaya *The Greedy Barbarian*, juu ya nchi ya kubuni na mtawala wa kubuni. Mwezi Aprili alikamatwa, akahojiwa kuhusu kitabu hicho, na baadaye akaeleza jinsi alivyoteswa. Mwaka 2021 alitunukiwa heshima ya mwandishi jasiri ya PEN Pinter. Desemba mwaka huohuo akakamatwa tena, mara hii kwa machapisho yake ya Twitter, na mwaka 2022 akaikimbia nchi. Neno "riwaya" kwenye jalada halikumzuia askari mlangoni.

Kwa upande wa habari, ulinzi uliopo ulipiganiwa mahakamani. Wanahabari Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda walishtakiwa kwa kuchapisha "habari za uongo", wakalipinga kosa hilo lenyewe, na Februari 2004 Mahakama ya Juu ikalifuta. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ikafuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kilichokuwa kikiwanasa wenye maneno makali mtandaoni. Mwanafunzi wa ubunifu asome hukumu hizi pamoja na riwaya zake. Na kashfa ni kashfa hata kama waziri amebadilishwa jina: kijiji kizima kikimtambua kwa kitambi, gari na wake wawili, wakili wake naye atamtambua.

"Nimeambiwa nikilipa nitapata cheti cha 'uandishi bunifu wa habari' kwa siku tatu. Na kuna tuzo inayodai ada ya kusajili mswada. Ni za kweli?"

Barua tano, na mmoja wa waliouliza ameshalipa. Siku tatu hazitoshi hata kujifunza kumsikiliza mtu bila kumkatiza. Cheti hicho hakimfikishi mtu kwenye sifa inayotajwa na sheria ya 1995.

Kuhusu tuzo, zipo ambazo milango yake iko wazi. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola haina ada, na hupokea pia hadithi za Kiswahili. Mganda Jennifer Nansubuga Makumbi aliinyakua mwaka 2014, mwaka mmoja baada ya mswada wa *Kintu* kushinda shindano la Kwani? la Nairobi. Tuzo ya Caine hupokea hadithi zilizokwisha kuchapishwa, tena kupitia kwa mchapishaji, na mwaka 2007 ilikwenda kwa Monica Arac de Nyeko, mwanachama wa FEMRITE. Huu ni umoja wa waandishi wanawake wa Uganda ulioanzishwa katikati ya miaka ya 1990, na Mary Karooro Okurut, aliyekuwa akifundisha fasihi Makerere, ndiye aliyeongoza kuuasisi. Anayetaka kusomewa kazi yake na watu wasiomwonea haya aende kwenye vikao vyao. Fedha ya cheti anunue vitabu, au amrudishie mama yake.

"Niandike kwa Kiingereza, Kiganda au Kiswahili?"

Kwa ile ambayo wahusika wake wanagombania bei. Mshairi Okot p'Bitek aliandika utenzi wake juu ya Lawino kwa Kiacholi kwanza, ingawa Kiingereza ndicho kilichotangulia kuchapishwa, mwaka 1966. Gazeti la Bukedde limekuwa likisomwa kwa Kiganda tangu miaka ya 1990, na linaajiri. Kuhusu Kiswahili, asikilize wanunuzi kutoka Kongo wakipatana na wauzaji hapahapa.

"Nitaanzaje Owino bila kufukuzwa?"

Asubuhi mapema, kabla wateja hawajajaa. Asalimie kwa Kiganda, hata kama salamu hiyo ndiyo pekee anayoijua. Asipige picha ya mtu wala ya kibanda bila kuomba, kwa kuwa wauzaji wameshapigwa picha nyingi na waliokuja na ahadi baada ya kila moto. Anunue kitu, soksi zinatosha. Asikae njiani, maana wapagazi wenye mabelo kichwani hawawezi kusimama ghafla, na hawatasimama. Jina aandike mbele ya mwenyewe na amwonyeshe herufi zake. Bei aulize kwa watu watatu.

Barua iliyofuata ilitoka kwa msichana aliyeuliza kama ni lazima amwambie muuzaji kuwa, mbali na gazeti, anaandika pia hadithi, na kwamba maisha yake huenda yakaingia humo.

Ndiyo. Kabla ya swali la kwanza, si baada ya la mwisho.