Malezi ya Punda Dume

Misigiri ni mahali katika nchi ya Iramba, mkoa wa Singida, ambapo njia ya Kiomboi huachana na njia kuu ishukayo mlima Sekenke kwenda Nzega. Farasi ni wachache sana katika nchi ile. Tangu zamani farasi walioletwa barani walikufa kwa ugonjwa uletwao na mbung'o, na kwa tauni ichukuliwayo na usubi. Mnyama wa kazi ni punda, ndugu yake farasi, astahimiliye zaidi. Ndiye achukuaye maji, kuni na magunia ya alizeti.

Punda jike huchukua mimba mwaka mzima hivi, kisha huzaa mtoto mmoja. Mtoto huyo akiwasumbua wakubwa, huumwa kidogo shingoni au hupigwa teke, akaacha mara. Tena akimkaribia mkubwa hunyosha shingo, akafungua na kufunga kinywa upesi upesi kama atafunaye hewa, maana yake, “Mimi mdogo, usinipige.” Watoto wa farasi na wa punda milia hufanya vivyo hivyo. Huko Serengeti punda milia dume akiisha kuacha jamaa yake hujiunga na kundi la madume vijana. Hao hushindana kwa mchezo miaka kadhaa, hata kila mmoja ajue nguvu zake na za mwenzake.

Basi hatari huanza mama afapo. Mtoto hunyweshwa maziwa ya ng'ombe, hulala karibu na jiko, na watoto wa nyumbani husukumana naye kwa kicheko. Lakini atimizapo miaka 2, nguvu za dume zimekuja, naye adhani watu ni punda wenzake. Humpanda mtu mgongoni au humwuma, na meno ya punda yaweza kuvunja mkono wa mtoto. Ndipo mwenyewe amfungapo peke yake, na upweke humzidishia ukali. Wengine humhasi, jambo hilo hupunguza moto wake, lakini halimfundishi adabu aliyoikosa udogoni.

Mfugaji mwenye akili humnywesha yatima maziwa, kisha humrudisha kati ya punda wazima wapole siku ile ile. Afikapo mwaka mmoja na kuanza kuwasumbua majike, hutengwa nao, lakini hawekwi peke yake: hupewa mwenzi, punda mzee aliyehasiwa. Mzee huyo, ambaye wengi humwona hana faida tena kwa sababu hawezi mizigo, ndiye mwalimu aliye bora. Kijana akimrukia, mzee hulaza masikio nyuma. Akizidi, hupata teke la kifua. Baada ya miezi michache yatosha mzee alaze masikio tu, na kijana husimama.