Mwanangu, weka chini hiyo penseli

*Shangazi, mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41. Naishi Kitengela na nashona katika kiwanda kimoja cha EPZ kule Athi River. Tangu mwaka jana silali vizuri. Hospitalini walinipima wakasema sina ugonjwa. Mshauri nasaha wa kanisa letu akaniambia niandike shajara kila usiku, nieleze maisha yangu tangu utotoni, ati moyo utatulia. Nimeshajaza madaftari mawili. Nimeandika jinsi baba alivyofariki tukiwa Makueni, na jinsi nilivyoacha shule kidato cha pili nikaja kutafuta kazi ili ndugu zangu wasome. Naandika kwa penseli ili nikikosea nifute. Kuna mahali pa ile ploti ya Kisaju, ambayo kakangu mdogo alinishughulikia karatasi kwa sababu yeye ndiye aliyesoma. Hapo nimefuta na kurudia mpaka karatasi ikatoboka. Mama ana presha na hatupendi kumpa mawazo. Rafiki yangu wa kazini alisoma kidogo akalia, anasema nitafute mchapishaji. Mume wangu anasema madaftari ndiyo yanayoniharibia usingizi. Je, niendelee kuandika au niache? Na hadithi yangu inafaa kuwa kitabu?*

*Mshonaji, Kitengela*

Mshonaji, barua yako ilikuwa ndefu na nimeikata bila huruma, kwa sababu sehemu kubwa yake ilikuwa inanizungusha mbali na mahali panapouma.

Tuyaondoe kwanza maswali uliyouliza. Endelea kuandika. Kitabu kisubiri. Mumeo ana haki kidogo: andika jioni mapema, si saa tano usiku. Na usingizi ukizidi kukukimbia, au ukianza kuona maisha hayana maana, rudi hospitalini uombe kuonana na mhudumu wa afya ya akili. Usingoje kumaliza daftari la tatu. Basi, hayo yamekwisha. Sasa tuzungumze kuhusu karatasi iliyotoboka.

Hakuna mtu anayetoboa karatasi kwa kufuta makosa ya tahajia. Umeandika kifo cha babako na hukukifuta. Umeandika siku uliyoacha shule, jambo ambalo lingeweza kumliza yeyote, na hukulifuta. Ukafika kwenye ploti, kipande cha ardhi unachoweza kukifikia kwa matatu ya barabara ya Namanga na kurudi kabla ya chakula cha mchana, ndipo raba ikatoka. Hata kwangu mimi, usiyenijua, umeitaja ploti bila kusema ilinunuliwa kwa pesa za nani, lini, kwa kiasi gani, wala hatimiliki ina jina la nani. Badala ya hayo yote umeniambia kwamba kakako amesoma. Nani alimsomesha?

Nitakuandikia sentensi unayoiogopa, uone kama itakuua: "Ploti ya Kisaju niliinunua kwa pesa zangu, na sijui kama ni yangu." Pengine unajua kuwa si yako kwa jina. Pengine hukuwahi kuishika hatimiliki hata mara moja. Vyovyote iwavyo, unapoishika ile penseli unamwona mamako na presha yake, unamwona kakako na shahada yake, unafuta. Halafu unapanda kitandani ukishangaa kwa nini usingizi hauji.

Mshauri wako wa kanisani hakukosea kukupa daftari. Mwaka 1986 wanasaikolojia wawili wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha matokeo ya jaribio lao: wanafunzi wa chuo kikuu waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Wengine waliandika mambo madogo madogo. Wengine waliandika jambo lililowaumiza zaidi maishani: baadhi yao matukio matupu, baadhi hisia tupu, baadhi vyote viwili pamoja. Walioandika vyote viwili, kilichotokea na jinsi walivyokihisi, ndio waliopunguza safari za kwenda kwa daktari katika miezi iliyofuata. Wala hawakutoka kwenye chumba cha kuandikia wakicheka. Siku hizo walitoka na huzuni zaidi. Tangu wakati huo wanaofundisha njia hii huwaambia watu waandike bila kusimama, wasijali tahajia wala sarufi. Raba haina kazi hapo.

Sasa pima madaftari yako kwa kipimo hicho. Hisia unazo tele, ndiyo maana rafiki yako alilia. Kilichokosekana kwenye ukurasa wa Kisaju ni tukio: tarehe, kiasi, jina. Umelia kwa maandishi mwaka mzima kuhusu jambo ambalo hujalisema.

Na usiniambie kuwa jambo la hatari haliandikiki. Gakaara wa Wanjaũ, mwandishi na mchapishaji, alikamatwa Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari. Alizuiliwa kwanza hapo Kajiado, kisha kisiwa cha Manda karibu na Lamu, na baadaye kambi ya Athi River, mji huo huo unakoshuka matatu kila asubuhi kwenda kazini. Humo kambini aliweka shajara. Karatasi zile zingeonekana zingemletea balaa, kwa hiyo alizificha. Lakini aliwaficha walinzi wake tu, na maneno yakabaki. Alizitoa kama kitabu kwa Kigikuyu mwaka 1983, zaidi ya miaka 30 baada ya kukamatwa, na mwaka 1984 kikapata tuzo ya Noma ya uchapishaji barani Afrika. Wewe, mwanangu, huna askari mlangoni. Unajilinda mwenyewe, na unajinyang'anya karatasi mwenyewe.

Ndiyo sababu nasema kitabu kisubiri. Ukikichapa leo, wasomaji watapata hadithi ya dada mkubwa mwenye moyo wa dhahabu aliyejinyima ili wengine wasome. Ni hadithi tamu, na nusu yake ni ya kweli. Kakako atainunua, ataisoma kwenye harambee, watu watapiga makofi, na wewe utarudi nyumbani ukiwa umefungwa zaidi ya ulivyokuwa, maana sasa uongo utakuwa na jalada.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wamechoka kunisikia nikisema hili, lakini nitalirudia: kifungua mimba si mali ya familia. Mtoto anayeachishwa shule baba akifa, akapelekwa mjini kutafuta karo za wenzake, hafunzwi kushona peke yake. Anafunzwa pia kutojihesabu. Nyumbani akigawa nyama anajipa mfupa, na siku akiuliza chake kiko wapi, anajiona mchoyo. Watu humsifu kwa hilo. Humwita nguzo, humwita mama wa pili, na sifa hizo ndizo zinazomziba mdomo, kwa maana nani anataka kuitwa nguzo leo na mgomvi wa ardhi kesho? Nimepokea barua nyingi za nguzo kama wewe. Karibu zote zinauliza kuhusu usingizi, vidonda vya tumbo au mume mkali, na ukizisoma hadi mwisho unakuta deni ambalo mwenyewe anaona haya kulidai.

Haya hiyo si adabu. Adabu ni kumheshimu mtu kiasi cha kumwambia ukweli usoni. Fikiria unavyomtendea kakako. Kila usiku unamfungulia kesi, unasikiliza ushahidi, unamhukumu, unafuta hukumu. Asubuhi anapiga simu na unamuuliza hali ya watoto. Yeye hajui kama ameshtakiwa. Huenda hana hatia kabisa. Huenda aliandika jina lake kwa sababu dalali alitaka karatasi upesi nawe ulikuwa zamu, akakusudia kubadilisha, na miaka ikapita. Huenda hatimiliki ina jina lako na imelala kabatini kwake. Huenda pia amekudhulumu. Kimya chako kimemnyima nafasi ya kuwa mwema, na kama ni mwizi, kimempa nafasi ya kuendelea.

Na mamako? Presha yake ninaiheshimu, lakini naona imegeuzwa kufuli la nyumba nzima. Yeye ndiye aliyekuona ukifunga sanduku kwenda mjini ungali msichana. Anajua hesabu hiyo kuliko mnavyodhani. Huna haja ya kumfanya hakimu. Lakini usimtumie kama kisingizio.

Wewe ni mshonaji, kwa hiyo hili utalielewa bila maelezo: mshono ukienda kombo haupigwi pasi juu yake ili uonekane umenyooka. Unafumuliwa. Basi fumua.

Nunua kalamu ya wino. Kwenye ukurasa mpya andika ya Kisaju kama ungeyaandikia ofisi: mwezi na mwaka, kiasi ulichotoa, kilitoka wapi, kama ni chama, saa za ziada au mkopo wa sacco, ulimkabidhi nani na kwa njia gani. Kama ulituma kwa M-Pesa, omba taarifa ya malipo. Kama kuna mkataba wa mauzo, tafuta nakala. Hapo chini andika ulivyohisi, na usifute hata neno moja, hata likiwa la matusi. Ukimaliza, ukitaka kuuficha ukurasa huo, uufiche. Ukitaka kuchoma madaftari yale mengine, uyachome. Kuchoma ukweli uliokwisha kusemwa ni hiari yako. Kuufuta kabla haujafika mwisho wa sentensi ndiko kunakokuumiza.

Halafu uutoe ukweli kwenye daftari, kwa sababu daftari halitoi hatimiliki. Sehemu hizo zenu zilikuwa ranchi za pamoja za Wamaasai wa Kaputiei kabla hazijaanza kugawanywa, na leo zimekatwa mpaka ploti za hamsini kwa mia. Ardhi inayobadilisha mikono kwa kasi hiyo haimngojei mwenye haya. Majirani zako hupaka kwenye kuta "Ploti hii haiuzwi" kwa rangi nyekundu na herufi za futi mbili, na wewe umeshindwa kuacha sentensi moja ya penseli.

Ukiwa na namba ya ploti, nenda ofisi ya ardhi Kajiado na kitambulisho chako, lipa ada, uombe kuangaliziwa rekodi: itakuonyesha jina la mwenye ardhi na kama kuna mkopo juu yake. Kama huna namba, hilo ndilo swali lako la kwanza kwa kakako, na jibu lake, pamoja na muda atakaouchukua kulitoa, litakueleza mengi. Muulize mkiwa wawili, bila mama, bila mke wake, bila maneno ya "baada ya yote niliyokufanyia". Mwambie: "Nataka kuona hatimiliki ya Kisaju, na nataka iwe kwa jina langu." Hayo yanatosha. Akikasirika, usijieleze, rudia. Ikiwa jina ni lake naye hataki kubadilisha, mwite mjomba au mzee mnayemwamini nyote, na wakati huo huo muone wakili kuhusu kuweka zuio kwenye rekodi ili isiuzwe mkiwa bado mnazungumza. Sheria ya usajili wa ardhi ya 2012 inamruhusu mwenye madai kufanya hivyo, na kufanya hivyo si kumlaani ndugu.

Mume wako naye umwambie yote kabla hujaenda. Ananung'unikia madaftari kwa sababu hajui yanaficha nini.

Na ukifika Kajiado ukakuta hatimiliki ina jina lako, utakuwa umenunua usingizi kwa nauli ya matatu na ada ya ofisi. Ukikuta si lako, angalau utakesha kwa sababu unayoijua, na yenye mlango wa kubisha. Niandikie tena ukishamuuliza kakako. Kabla ya hapo, barua yako sitaifungua.