Vumbi la kiwanda cha pamba kwenye mchicha

Mama mmoja anayelima jirani na kiwanda cha kuchambua pamba huku Bunda aliniita: mchicha umepauka, na ameshapuliza dawa mara mbili. Nikapangusa jani kwa kidole, kijani kikarudi. Hela ya dawa imepotea bure jamani! Ni vumbi. Linaziba vitundu vya kupumulia vya jani na kuzuia mwanga, na kiangazi hakuna mvua ya kuliosha.

Mchana upepo wetu unatoka ziwani, hivyo bustani iliyo mashariki ya kiwanda ndiyo inaumia zaidi. Mwagilia asubuhi kwa keni, maji yapite juu ya majani. Panda safu mbili za miti upande wa kiwanda, mifupi mbele, mirefu nyuma. Vumbi litapungua, kelele kidogo tu, msidanganyike.

Kelele za usiku andikeni tarehe na saa, mpeleke kwa mtendaji, kisha afisa mazingira wa halmashauri, ikishindikana NEMC. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inawapa haki hiyo. Na vijana mnaofanya kazi mle ndani, kifua kikibana kila Jumatatu, nendeni hospitali mkaseme mnafanya kazi kwenye pamba.